Neli wa Harau, anayeshindwa karata ili watoto wa watu wacheke

Saa tatu asubuhi, Jumapili, na Yusmaneli ameshashindwa mara nne.

Amekaa kwenye mkeka wa plastiki karibu na maporomoko ya Harau, nje kidogo ya mji wa Payakumbuh, magoti kayakunja upande mmoja. Mbele yake imeketi familia iliyotoka Pekanbaru: baba, mama, bibi na mabinti wawili. Mkono wa kulia wa Neli uko chini ya kitambaa cheusi, umeshikwa na binti mdogo wa miaka kama minane.

Binti anaminya vidole vinne. Vinne ni ng'ombe. Neli anamtazama usoni, anajifanya anafikiri, anajikuna shavu.

"Fungua!" anasema.

Karata inafunuliwa, na kweli ni ng'ombe. Binti anaruka juu, bibi anacheka mpaka anashika kifua, na Neli anavuta rundo zima la karata upande wake huku akijilaumu kwa sauti.

"Wee, mtoto huyu! Kanila mzimamzima! Nani kakufundisha biashara, babu yako?"

Familia inaondoka na boksi moja. Neli ananyoosha mguu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu anaanza kuvitomasa vidole vyake kimoja kimoja.

"Nilijua ni ng'ombe tangu alipogusa kidole cha kwanza," anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye yeye humwita Uda, yaani kaka, kama anavyomwita kila mwanamume wa umri huo. "Mtu anayesema kweli mkono wake unalegea. Anayezuga anaminya kwa nguvu, kama anataka kukusaidia uamini. Lakini mtoto akishindwa, mama yake hanunui. Kwa hiyo mimi kazi yangu kushindwa. Na kushindwa vizuri, Uda, kunachosha kuliko kushinda."

Mchezo wenyewe unaitwa Zizi, na hauhitaji akili nyingi kuuelewa. Karata zina wanyama watano: kuku, bata, mbuzi, ng'ombe na nyati wa kulimia. Kila mtu kwa zamu anaweka karata kifudifudi, akipanda kutoka kuku hadi nyati, kisha kuku tena. Hatamki jina la mnyama. Anampa jirani yake mkono chini ya kitambaa na kumwambia kwa vidole: kimoja kuku, viwili bata, na kuendelea hivyo mpaka mkono mzima, ambao ni nyati.

Asiye na mnyama wa zamu hudanganya. Jirani akiamini, mchezo unaendelea. Asipoamini anasema "Fungua!", na aliyekosea kati yao anabeba rundo. Wa kwanza kumaliza karata zake ndiye mshindi. Michoro ni ya Neli mwenyewe, na nyati wake ana uso wa mtu aliyeachwa na basi.

Boksi moja ni rupia elfu arobaini na tano. Theluthi yake ndiyo inayobaki mfukoni kwa Neli. Mbili nyingine huenda kwa mwenye karatasi na mchapaji. Jumapili ya jua anauza maboksi kumi. Jumapili ya mvua anauza mawili, na mvua ya Harau haina adabu, inakukuta umeshatandika mkeka. Siku za katikati ya wiki anakata karata nyumbani kwa mkasi na kugundisha maboksi mpaka shingo inakataa kugeuka.

Ana miaka arobaini na minne. Mumewe yuko Pekanbaru anauza wali, na huonekana Idi hadi Idi. Mtoto wao mmoja, wa kiume, yuko kiwandani Batam. Nyumbani, baada ya mama yake kufariki mwaka huu, amebaki yeye na baba yake.

Na Ijumaa hii baba yake anahama.

Kila mtu wa Payakumbuh anajua kile kitambaa cheusi kimetoka wapi. Kwenye soko la mifugo la hapa, muuzaji na mnunuzi hawatajiani bei. Wanashikana mikono chini ya sarong, kikoi cha huku, au kofia, vidole vinasema, vinakataa, vinashuka, vinapanda, na aliyesimama hatua moja kutoka hapo hajui kilichozungumzwa. Kushikana huko ndiko kunakoitwa marosok. Bei hubaki siri ya mikono miwili, na hakuna anayeaibishwa kwa kuuza rahisi au kununua ghali.

Mzee Khaidir, baba yake Neli, alikuwa dalali wa nyati na ng'ombe sokoni hapo tangu akiwa kijana hadi macho yalipoanza ukungu. Jina la heshima alilopewa siku ya ndoa ni Sutan Mudo, maana yake Sutan Kijana. Amelibeba jina hilo mpaka meno yameisha.

"Mimi kuhesabu nilijifunzia kwenye mkono wa Abak," anasema Neli. Abak ni baba. "Nilikuwa naingiza mkono kwenye sarong yake, ananiminya, nasema tatu, nasema tano. Wenzangu walikuwa na ubao, mimi nilikuwa na vidole vya Abak. Ndiyo maana nilipotafuta kitu cha kuuza, hiki kilikuja chenyewe."

Saa sita familia zinafungua vyakula. Harufu ya randang, nyama iliyopikwa kwa tui mpaka ikakauka, inatembea kutoka mkeka hadi mkeka, na kila kundi linalomwona Neli linaita. "Uni, dada, karibu tule!" Naye kila mara anaweka mkono kifuani na kutabasamu. "Asanteni, nimetoka kula sasa hivi."

Hajala kitu tangu alfajiri.

"Na nikikubali?" anacheka alipoulizwa. "Wenye chakula watashtuka, Uda! Vipande vimehesabiwa. Wao wanaita kwa sababu ni lazima waite, mimi nakataa kwa sababu ni lazima nikatae. Wakiita mara ya tatu, hapo ndipo unajua wanataka kweli. Ndivyo tulivyolelewa."

Kisha kicheko kinakatika, na kwa muda anaangalia maji yanavyoanguka. Hapo ndipo anapoeleza lililompata.

Kwa desturi ya hapa, nyumba ni ya wanawake. Mwanamume akioa huingia nyumba ya mkewe, na huko, hata akikaa nusu karne na kuezeka paa mara tatu, ni mgeni anayeheshimiwa. Wazee wana msemo wao: mume katika nyumba ya mkewe ni majivu juu ya kisiki, upepo ukija yanaondoka. Mke akifa, watu wa ukoo wa mume huja kumchukua mjomba wao. Siku hizi wengi hubaki kwa mabinti zao, lakini lazima waombwe, tena waombwe zaidi ya mara moja.

Mama yake Neli, Rosmanidar, dua yake ya siku ya mia ni Alhamisi. Wiki kadhaa zilizopita, Jumapili jioni, Neli alirudi kutoka Harau ameloa, magoti yanauma, hajauza hata boksi moja. Baba yake alikuwa amekaa karibu na mlango anamsubiri.

"Akaniambia, 'Piak, binti yangu, dua ya mama yako ikipita, nadhani nitarudi Situjuah kwa wapwa zangu.' Nilitakiwa niseme, 'Abak, usiseme hivyo.' Aseme tena, nikatae tena. Aseme ya tatu, nilie kidogo, yaishe. Mtoto wa miaka saba hapa anajua hilo." Anatikisa kichwa. "Mimi nikasema, 'Haya, Abak.'"

Haya tu?

"Haya tu. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimezuga na kuzugwa siku nzima, kila mkono niliougusa naupima, huyu anasema kweli, huyu anadanganya. Nilipofika kwangu nikasikia maneno nikayachukua kama yalivyo. Na yeye akasema, 'Alhamdulillah,' akaenda kulala. Nikajua basi, kumbe mzee alikuwa anataka kwenda kwao, kafurahi nimemruhusu."

Asubuhi yake mzee alituma habari Situjuah. Wapwa zake, wakiongozwa na Asnidar, binti mkubwa wa dada yake, wakaanza kupaka rangi chumba. Neno likishafika huko halirudi nyuma bila mtu kuvunjiwa heshima.

"Sitaki aende," anasema Neli. "Nyumba ile ina vyumba vitano. Nitakaa na nani? Lakini nikimwambia leo abaki, nitakuwa namzuilia furaha yake kwa sababu ya upweke wangu. Si adabu hiyo. Na wewe usimwambie."

Anakunja kitambaa, anakikunjua tena. Familia nyingine imefika, ina mapacha wa kiume wanaogombania nani akae karibu na "mama wa karata". Neli anajipangusa uso kwa ncha ya mtandio, anawapa mapacha karata, na baada ya dakika chache anashindwa tena.

Jumatatu mwandishi alimkuta Mzee Khaidir mahali anapopatikana kila siku, kibanda cha kawa kando ya soko la mifugo, anakunywa kawa hiyo, maji ya majani ya kahawa, kwenye kifuu cha nazi. Salamu hazijaisha akadai mkono wa mgeni chini ya sarong yake. Akaushika, akauminya, akaguna.

"Mkono huu unapiga umbea," alisema. "Wewe usije ukauza hata kuku. Watakuvua mpaka viatu."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kawa. Mzee alifurahi, akaagiza vitumbua vya moto kwa wote, na akaanza kusimulia jinsi alivyowahi kumuuza nyati mwenye jicho bovu kwa mtu aliyekuwa na macho mawili mazima. Alipoulizwa kuhusu Situjuah, aliweka kifuu chini.

"Situjuah pazuri," alisema. "Kuna hewa. Kuna wapwa zangu. Pazuri."

Wenzake walipoinuka kwenda kuswali adhuhuri, alibaki nyuma kidogo akitafuta ndara zake kwa miguu, kisha akamshika mwandishi kiwiko.

"Niliondoka Situjuah nikiwa na miaka ishirini na mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Hao wapwa wananijua kwa picha na kwa Idi. Nikiamka usiku sijui mlango wa choo uko upande gani. Lakini Neli alisema haya. Hakusita. Nimeshika mikono ya watu maisha yangu yote, najua mtu anaposema kweli. Yule alisema kweli. Amenichoka, na ana haki, mzee ni kazi. Wewe usimwambie neno."

Mwandishi alirudi nyumbani na siri mbili mfukoni, kila moja ikiwa jibu la nyenzake, na zote mbili ameombwa azifiche. Mwandishi wa habari si mshenga. Hata hivyo, siku tatu zile hazikuwa nyepesi, na kama Alhamisi ingechelewa kidogo huenda angesema.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Wahenga hao hawakuishi Payakumbuh, ambako baba na binti wanaweza kutengana kwa adabu, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na majirani wakasifu malezi.

Alhamisi nyumba ilijaa. Wanaume walikaa wakiegemea kuta, dua ikasomwa, Rosmanidar akatajwa kwa jina lake na la mama yake. Sinia zilipita, watu wakasema wameshiba, wakabembelezwa, wakala. Neli alikuwa jikoni na majirani tangu asubuhi, na alipotokeza uso wake ulikuwa umevimba kwa moshi, au kwa kitu kingine.

Karibu na mlango palikuwa na begi la kahawia na mwavuli. Wageni walivizunguka bila kuvitazama.

Baada ya Alasiri wageni wote waliaga isipokuwa mwandishi. Neli alichukua kitambaa na ndoo, akapiga magoti, akaanza kufuta mikeka. Baba yake alikuwa amekaa ameegemea nguzo ya kati, mahali pake. Alivuta sarong kutoka begani, akaufunika mkono wake wa kulia, akaunyoosha kuelekea kwa bintiye.

Neli aliutazama mkono ule, kisha akaendelea kufuta.

"Nipe mkono, Piak."

"Sitoi, Abak."

"Nipe. Kuna jambo."

"Kama kuna jambo, liseme. Jumapili nzima nimeshikwa mikono na watu nisiowajua. Vidole vyangu vimechoka. Sitaki kukisia tena, nimechoka kukisia."

Mzee alimtazama mwandishi. "Kuna mgeni hapa."

"Mgeni kala wali wetu sahani mbili. Huyo si mgeni."

Mwandishi alijishughulisha na kutafuta viatu vyake, ambavyo vilikuwa mbele yake.

"Sijawahi kusema bei kwa mdomo," mzee alisema. "Tangu nianze kazi. Anayeitaja wa kwanza kwa sauti ameshapoteza, hilo hata mchunga bata analijua."

"Hapa hakuna anayeuza ng'ombe, Abak."

Mkono wa mzee ulikuwa bado umenyooka chini ya sarong, na ulikuwa unashuka taratibu, maana mkono wa mtu wa miaka sabini na saba hauwezi kukaa hewani muda wote huo. Mwishowe aliushusha mapajani.

"Ile Jumapili uliposema haya..."

"Nilikuwa nimechoka!" Neli alitupa kitambaa kwenye ndoo. "Nilikuwa nimechoka tu, Abak! Siku ile hata ungeniambia unaoa kesho ningesema haya! Ungeniambia unahamia kwenye mti ningesema haya!"

Mabega ya mzee yalianza kucheka kabla ya mdomo. Akacheka, akakohoa, akafuta macho, na aliposema sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba maji katika nyumba asiyoijua.

"Basi mimi sitaki kwenda Situjuah. Sitaki. Mama yako kalala hapo nyuma ya jiko. Nataka kukaa hapa, Neli. Kama nyumba itaniruhusu, nataka kukaa."

Neli alilia. Hakulia kama watu wa hapa wanavyolia mbele ya wageni, kwa ncha ya mtandio. Alilia kwa sauti, amekaa katikati ya mkeka mbichi, mikono yenye sabuni imefunika uso. Baba yake alimsogelea kwa kutambaa, maana kusimama kungemchukua muda, akamwekea kiganja kichwani. Jirani aliyekuwa anaosha sahani alichungulia kutoka jikoni, akarudi kimyakimya, na sahani zikaacha kugongana.

Furaha yao haikudumu hata robo saa kabla Situjuah haijakumbukwa.

"Asnidar kanunua godoro," mzee alisema. "Jipya. Kaniambia kwa simu."

"Atalilalia mwenyewe."

"Usifanye utani, Piak. Gari lao linakuja kesho baada ya swala ya Ijumaa. Nikikataa kupanda, watu watasema Situjuah imemtupa mjomba wake. Au watasema binti kamficha baba. Watakuwa wamepaka rangi bure na aibu juu."

Neli aliacha mzaha, kwa sababu hilo halikuwa la utani. Huku mjomba ni heshima ya wapwa zake. Kumwacha azeekee nyumba ya wengine ni kama kuacha mlango wa ukoo wazi. Wapo waliowahi kununiana miaka kwa jambo dogo kuliko hili.

Alipoinuka alikuwa ameshaamua. Kesho asubuhi, kabla gari lao halijatoka, atakwenda Situjuah mwenyewe. Atachukua sinia nzima ya galamai, halua ya mchele na tui, na batiah, vitafunio vya mchele, zilizobaki za dua. Kwa desturi angempeleka mjomba wake azungumze kwa mafumbo, lakini mjomba wake yuko Jakarta na mafumbo, alisema, ndiyo yaliyowafikisha hapa. Atamwambia Asnidar kwa maneno yanayosikika kwamba kosa ni lake, kwamba alijibu kwa uchovu, na kwamba anaomba baba yake abaki kwake. Kile chumba kipya, atapendekeza, mzee atalala humo kila mwezi wa Ramadhani, ili rangi isiende bure.

"Dada Asnidar ni mkali?" mwandishi aliuliza akiwa ngazini, viatu hatimaye miguuni.

"Mkali, na ni haki yake. Mimi pia ningekasirika." Alikuwa amebeba rundo la sahani hadi kidevuni, macho mekundu, mgongo umepinda kwa kazi ya siku nzima. Ndani, baba yake alikuwa anaburuta begi la kahawia kutoka mlangoni kurudi chumbani, akipumzika kila baada ya hatua chache.

"Na wakikataa?"

"Nitakaa pale kwenye ngazi zao mpaka wakubali," alisema Neli. "Kukaa ndiyo kazi yangu, Uda. Watachoka wao kwanza."